Panthers walilipa nini hasa kumpata Bryce Young?

Swali: Shikamoo Kocha. Mimi ni kijana wa Tanga, nimehamia Charlotte, North Carolina, huu ni mwaka wa sita. Huku nimejikuta shabiki wa Panthers, timu ya hapa ya futiboli ya Marekani. Kazini kila tukipumzika tunabishana. Mmoja anasema mwaka 2023 tulikosea kumchukua kwotabeki kijana Bryce Young tukamwacha mwenzake C.J. Stroud. Mwingine ni shabiki wa Bears ya Chicago, yeye anatucheka kwamba tulitoa machaguo mengi ya drafti mpaka tukawajengea wao timu. Nani ana haki? Na timu inayojijenga upya ifanye nini: ipande juu imchukue kwotabeki kijana, au ikusanye machaguo na kusubiri?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Swali lako limenigusa, maana jambo hili nililifuatilia siku kwa siku tangu mwanzo wa 2023, na mpaka leo naona watu wanabishania pembeni wakiacha kiini. Rafiki yako wa Bears anahesabu machaguo. Yule mwingine anahesabu pasi za Stroud. Mimi nataka uhesabu kitu cha tatu: Panthers walipomlipia yule kijana, malipo waliyatoa wapi? Waliyang'oa kwenye nyumba ileile aliyokuwa anakuja kuishi. Jibu langu lote limekaa hapo.

Niwaeleze kwanza wasomaji wageni wa mchezo huu. Ligi ya NFL haina dirisha la usajili la kununua chipukizi kwa fedha kama tulivyozoea kwa Simba na Yanga. Vijana wanaotoka vyuoni hugawanywa kila Aprili kwa drafti: timu 32, raundi 7, aliyeshika mkia msimu uliopita anachagua wa kwanza, bingwa wa mwisho. Ile zamu ya kuchagua, ndiyo tunayoiita chaguo, ni mali. Timu inaweza kutoa zamu zake za mwaka huu, za mwakani, hata za mwaka unaofuata, ili isogee mbele kwenye foleni. Na mchezaji anayesababisha watu wasogee mbele kwa bei za kutisha ni kwotabeki, yule anayepokea mpira karibu kila shambulizi linapoanza na kuamua uende kwa nani.

Sasa tuingie Charlotte, nyumbani kwa Panthers, ambao pia huitwa Carolina. Msimu wa 2022 Panthers walishinda mechi 7 na kufungwa 10. Kocha Matt Rhule alifukuzwa Oktoba, na nafasi ya kwotabeki ilipita mikononi mwa Baker Mayfield, P.J. Walker na Sam Darnold ndani ya msimu mmoja. Kwa rekodi hiyo walipangiwa kuchagua wa 9. Namba 1 ilikuwa ya Chicago, na Chicago wenyewe waliipata kwa bahati: siku ya mwisho ya msimu, tarehe 8 Januari 2023, Houston waliokuwa wanashikilia mkia waliwafunga Colts 32 kwa 31 kwa tachidauni (bao la kuufikisha mpira mwisho wa uwanja) ya dakika ya mwisho na jaribio la pointi mbili. Kwa ushindi huo Houston wakateleza hadi namba 2. Kocha wao Lovie Smith alifukuzwa usiku huohuo. Kumbuka ushindi huo, tutaurudia.

Tarehe 10 Machi 2023, Panthers na Bears walikubaliana. Chicago wakatoa namba 1. Carolina wakatoa namba 9, namba 61, chaguo la raundi ya kwanza la 2024, chaguo la raundi ya pili la 2025, na juu ya hayo mpokeaji wao bora wa pasi, DJ Moore. Kwa namba 1 hiyo wakamchukua Young.

Tuyachambue malipo hayo, kwa sababu hayana uzito sawa.

Namba 9 haina ubishi. Ukitaka kwenda mbele ya foleni lazima uache pale uliposimama. Namba 61 ina historia yake. Haikuwa ya Carolina tangu mwanzo. Waliipata Oktoba 2022 walipompeleka mkimbiaji wao Christian McCaffrey kwa San Francisco. Maana yake ni kwamba mtu ambaye kwotabeki yeyote kijana angemshukuru Mungu kuwa naye pembeni, wa kumrushia pasi fupi pale mambo yanapoharibika, alikuwa ameshauzwa, na sehemu ya bei yake ikapitia Charlotte moja kwa moja mpaka Chicago.

Halafu chaguo la kwanza la 2024. Hili ndilo rafiki yako wa Bears analichekea, na hapo ana haki. Chaguo la mwakani ni hundi ambayo hujaandika kiasi. Kiasi kinaandikwa na msimu wako mwenyewe. Timu nzuri ikitoa hundi hiyo, mwenzake anapata zamu ya 25 au ya 28. Timu mbovu ikiitoa, anaweza kupata namba 1. Panthers walijidanganya kwamba kwotabeki mpya atawainua mara moja na hundi itakuwa ndogo. Wakashinda mechi 2 tu kati ya 17, wakawa wa mwisho ligi nzima, na ile hundi ikageuka namba 1 ya 2024. Chicago wakamchukua Caleb Williams.

Lakini kwangu mimi, mdogo wangu, jeraha kubwa ni DJ Moore. Machaguo ni watu ambao hawajafika bado. Moore alikuwepo. Msimu wa 2023, akiwa Chicago na kwotabeki aliyekuwa bado anahangaika, Justin Fields, Moore alidaka pasi 96 kwa yadi 1,364 na tachidauni 8. Panthers walijaza pengo lake na Adam Thielen, mtu wa miaka 33, mzee kwa umri wa mchezo huu, na kijana Jonathan Mingo waliyemchagua namba 39. Thielen alijituma kweli, alidaka pasi 103 na kuvuka yadi 1,000. Tatizo ni kwamba hakuwa tena na mbio za kumwacha beki nyuma, na Mingo hakuiva. Novemba 2024 alipelekwa Dallas. Kwa hiyo mabeki wa timu pinzani hawakuwa na wa kumwogopa. Wote walisogea mbele wakamzingira Young.

Ni sawa na mtu kuuza ng'ombe ili anunue ndoo nzuri ya kukamulia. Ndoo inaweza kuwa nzuri kweli.

Basi tuje kwa Young mwenyewe na Stroud. Sitakukwepa: kama ningekuwa na kalamu siku ile, leo nikijua ninayoyajua, ningeandika jina la Stroud. Mwaka wake wa kwanza Houston, Stroud alirusha yadi 4,108, tachidauni 23 na pasi 5 tu zilizonaswa, akatwaa tuzo ya chipukizi bora wa ushambuliaji, timu ikashinda mechi 10 na kuipiga Cleveland 45 kwa 14 kwenye mtoano. Young alirusha yadi 2,877, tachidauni 11, zikanaswa pasi 10. Na aliangushwa na mpira mkononi mara 62.

Hiyo 62 ndiyo nataka tukae nayo, kwa sababu watu wanaisoma kama takwimu tu. Nimewahi kusaidia kufundisha makwotabeki wa timu ya shule kwa miaka kadhaa, na kuna kijana mmoja wa miaka 16 ambaye video zake bado ninazo kichwani. Alikuwa na mkono mzuri kuliko wote niliowahi kuwafundisha. Anapokea mpira, hatua tano nyuma, kisigino cha kulia kinagusa nyasi, macho yapo mbali kule kwa wapokeaji, mpira umekaa sikioni tayari. Mechi moja walinzi wake wawili, wale wa mbele wanaomkinga asifikiwe, waliumia, wakaingia wadogo. Aliangushwa mara tatu kipindi cha kwanza. Nilipoitazama video usiku ule, mara ya nne nikaona kitu kilichoniuma: kabla hajamaliza hatua ya tatu, kofia yake iliinama kidogo. Macho yalishuka kutoka kwa wapokeaji yakatua kwenye jezi ya mtu anayemkimbilia. Mpokeaji wake alikuwa peke yake kabisa, yadi 20 mbele, anapunga mkono. Hakumwona. Wiki iliyofuata walinzi walirudi, hakuna aliyemgusa, na bado macho yalishuka. Miguu nayo ilikuwa inakanyaga kama yuko juu ya makaa. Ilituchukua msimu uliobaki kumrudisha.

Huyo aliangushwa mara tatu katika kipindi kimoja. Young alipigwa mara 62 katika msimu mmoja, na wanaume wenye kilo 130, akiwa mtu wa futi 5 na inchi 10, mmoja wa makwotabeki wafupi kabisa katika ligi. Mfupi ana shida yake ya pekee: ukuta wa katikati ukirudishwa nyuma usoni pake, haoni kitu. Mlinzi wa pembeni akizidiwa, unaweza kupiga hatua mbele ukajiokoa. Wa katikati akizidiwa, hakuna pa kwenda na hakuna pa kuchungulia. Na msimu ule walinzi wa katikati wa Carolina waliumia mmoja baada ya mwingine mpaka wakawa wanapangwa watu waliookotwa njiani. Kocha mkuu Frank Reich naye hakumaliza mwaka. Alifukuzwa baada ya mechi 11, ameshinda 1. Kwa hiyo kijana alipoteza mfumo akiwa bado anajifunza kuusoma.

Utaniuliza: mbona Houston nao walikuwa timu mbovu, na Stroud aling'aa? Ni swali zuri, na ndilo linalowashinda wabishi wengi. Houston walikuwa wabovu kwenye msimamo, lakini ghala lao lilikuwa limejaa. Machi 2022 walimpeleka Deshaun Watson Cleveland na kupokea machaguo matatu ya raundi ya kwanza, pamoja na mengine. Walikuwa na Laremy Tunsil kulinda upande wa kushoto. Walikuwa na Nico Collins, ambaye mwaka huo alifikisha yadi 1,297. Na Stroud mwenyewe hawakumlipia hata senti. Walikuwa wa pili kwenye foleni, wakasubiri, akawafikia. Dakika chache baadaye wakatumia chaguo la Cleveland, pamoja na mengine yao, kupanda hadi namba 3 na kumchukua Will Anderson, aliyekuja kuwa chipukizi bora wa ulinzi. Ule ushindi wa siku ya mwisho ambao mashabiki wao waliulaani kwa sababu uliwapotezea namba 1, ndio uliowaokoa na mnada.

Na tazama mwaka wa pili wa Stroud, 2024. Ukuta wa kumkinga ulilegea, akaangushwa mara 52, pasi zilizonaswa zikapanda kutoka 5 hadi 12. Ni mtu yuleyule, mkono uleule. Ndiyo maana nasema hivi: Stroud angekwenda Charlotte 2023 angeumia kidogo kuliko Young, kwa sababu ni mrefu zaidi na anasimama imara mfukoni, ile nafasi nyuma ya walinzi wake, lakini angeumia. Rafiki yako anayelia na jina la Stroud ana nusu ya haki.

Kuhusu uwezo wa timu kujua nani ni nani kabla ya drafti, wachumi wawili, Cade Massey na Richard Thaler, huyu wa pili akiwa mshindi wa Nobel ya uchumi ya 2017, walichunguza miaka mingi ya drafti. Wakaona kwamba ukichukua wachezaji wawili wa nafasi moja waliochaguliwa kwa kufuatana, aliyetangulia humzidi mwenzake kwa asilimia 52 tu ya wakati. Hiyo ni karibu na kurusha shilingi hewani. Wakaona pia kwamba timu hulipa kupita kiasi ili kupanda, na kwamba hutoa za kesho kwa bei ya kutupa ili zipate za leo. Ningependa kila mmiliki wa timu abandikiwe hiyo 52 mlangoni.

Sasa kwa nini watu wenye akili zao wanaendelea kupanda? Fedha. Chipukizi hana uhuru wa kudai mshahara. Mkataba wa namba yake umeshapangwa. Young alisaini takriban dola milioni 38 kwa miaka minne yote. Dak Prescott wa Dallas alisaini 2024 kwa dola milioni 240 kwa miaka minne, yaani milioni 60 kila mwaka. Na kila timu ina ukomo wa mishahara. Kwa 2025 ulikuwa dola milioni 279.2 kwa kikosi kizima. Kwotabeki kijana anayecheza vizuri anakuachia mamilioni ya kununua watu wengine kwa miaka minne. Kwa aliyechaguliwa raundi ya kwanza kuna pia kipengele cha mwaka wa tano. Dirisha ni hilo, na likifungwa limefungwa. Ndiyo maana kumpata kijana halafu kutumia miaka yake miwili ya kwanza kumfundisha kuogopa ni hasara isiyoonekana kwenye orodha ya machaguo.

Twende kwenye swali lako la pili, la kupanda au kusubiri. Mimi naangalia kwanza nani anayepanda.

Kansas City mwaka 2017 walipanda kutoka 27 hadi 10 kumchukua Patrick Mahomes. Waliwapa Buffalo namba 27, chaguo la raundi ya tatu, na raundi ya kwanza ya 2018. Bei kubwa. Lakini walikuwa wametoka kushinda mechi 12 kati ya 16. Hundi yao ya mwakani iliishia namba 22. Na Mahomes alikaa mwaka mzima nyuma ya Alex Smith, akaanza mechi moja tu ya mwisho ambayo haikuwa na maana. Alipokabidhiwa timu, Travis Kelce na Tyreek Hill walikuwa wanamsubiri, na kocha alikuwa Andy Reid. Hawakuuza chochote cha ndani ya nyumba.

San Francisco mwaka 2021 walipanda kutoka 12 hadi 3 kwa kutoa machaguo matatu ya raundi ya kwanza, ukihesabu hilo la 12, na la raundi ya tatu. Wakamchukua Trey Lance. Akaanza mechi 4 tu kwao, akavunjika kifundo cha mguu, na Agosti 2023 akaenda Dallas kwa chaguo la raundi ya nne. Kwa hesabu za karatasi ni moja ya hasara kubwa kabisa za drafti. Lakini nyumba ilikuwa imesimama. Msimu huohuo wa 2023 wakafika Super Bowl, fainali ya ligi, na kwotabeki Brock Purdy, mtu wa mwisho kabisa kuchaguliwa katika drafti ya 2022, namba 262. Aliyekuwa anakimbia pembeni yake ni McCaffrey wenu.

Washington mwaka 2012 ni upande wa pili. Walitoa machaguo matatu ya raundi ya kwanza na moja la raundi ya pili kumpata Robert Griffin III. Mwaka wa kwanza aliitikisa ligi, akawa chipukizi bora wa ushambuliaji. Januari 2013 goti likapasuka kwenye mtoano dhidi ya Seattle, na timu haikuwa na machaguo ya raundi ya kwanza ya 2013 wala 2014 kujenga chochote kumzunguka. Niliumia kwa ajili ya yule kijana kama ndugu.

Kwa hiyo msimamo wangu: timu yenye nyumba inaweza kupanda, hata ikikosea itaishi. Timu isiyo na nyumba isipande kwa malipo ya tofali zake. Ikusanye, iweke ukuta wa mbele, imweke kwotabeki mzoefu wa bei ya kati, na ikiwa mkia umewapa zamu ya juu kwa haki yao, wamchukue kijana bila kulipa mtu. Wapo watakaokwambia kwotabeki mzuri haji kila mwaka, ukimwona mkamate. Nawaelewa. Ila drafti ya 2024 ilitoa makwotabeki sita ndani ya zamu 12 za kwanza, na Sam Darnold, yuleyule ambaye Carolina walimchoka, mwaka huohuo aliiongoza Minnesota kushinda mechi 14 baada ya kupata walinzi, wapokeaji na kocha anayemwelewa. Wanapatikana kwa njia nyingi kuliko tunavyoambiwa siku ya mnada.

Rafiki yako wa Bears naye nina neno lake. Ni kweli Chicago walivuna. Namba 9 waliiuza kwa Philadelphia wakashuka hatua moja, wakamchukua mlinzi Darnell Wright kwa namba 10. Namba 61 waliitumia kusogea hadi 56, wakampata beki Tyrique Stevenson. Halafu Williams. Halafu lile chaguo la pili la 2025 likawa namba 39, mpokeaji Luther Burden. Ukijumlisha na Moore, ni nusu ya timu. Lakini mwambie akumbuke 2024. Kijana wao mpya, pamoja na utajiri wote huo, aliangushwa mara 68, zaidi hata ya Young. Walifungwa mechi 10 mfululizo, na Matt Eberflus akafukuzwa siku moja baada ya mechi ya sikukuu ya Thanksgiving kule Detroit, kocha mkuu wa kwanza katika historia ya Bears kuondolewa katikati ya msimu. Machaguo hayamlindi mtu. Yanalinda pale tu yanapogeuzwa kuwa watu, na watu wenyewe wakasimama mahali panapotakiwa.

Na hapa ndipo timu zote mbili zilipokutana, jambo ambalo sioni likitajwa vya kutosha. Machi 2024 Panthers walifungua mkoba: Robert Hunt, dola milioni 100 kwa miaka mitano, Damien Lewis, milioni 53 kwa minne. Wote wawili ni walinzi wa katikati, mmoja kila upande wa senta, yule anayemrudishia kwotabeki mpira. Watu walicheka kwamba ni fedha nyingi kwa watu ambao hawagusi mpira. Machi 2025 Bears wakafanya lilelile: Joe Thuney kutoka Kansas City, Jonah Jackson kutoka Rams ya Los Angeles, na senta Drew Dalman, pamoja na kocha mpya Ben Johnson. Msimu uliofuata Williams aliangushwa chini ya nusu ya zile 68, na Chicago wakashinda mechi 11 na kutwaa kundi lao.

Kwa Young haikuwa haraka hivyo, kwa sababu macho yakishashuka hayapandi kwa kununuliwa ukuta tu. Septemba 2024, baada ya mechi mbili, kocha Dave Canales alimweka benchi. Wengi walisema ndiyo mwisho. Mimi niliona ni rehema. Wiki kadhaa akatazama mchezo akiwa amesimama, bila mtu kumkimbilia. Oktoba Andy Dalton, kwotabeki aliyeshika nafasi yake, aliumia kidole gumba katika ajali ya gari, Young akarudi kule Denver. Walifungwa, lakini ukiitazama mechi ile na zilizofuata, miguu imetulia. Anapokea, anarudi, anapiga hatua ndogo mbele ndani ya nafasi ambayo Hunt na Lewis wamemfungulia, kofia iko juu. Tarehe 5 Januari 2025 waliwafunga Atlanta 44 kwa 38 katika muda wa nyongeza. Alirusha tachidauni tatu na kukimbia mbili mwenyewe. Novemba 2025, dhidi ya Atlanta haohao, alirusha yadi 448, rekodi ya klabu yenu, akiwa na Tetairoa McMillan kama mpokeaji wa kweli wa kwanza tangu walipomtoa Moore. Msimu ule mkaongoza kundi.

Sisemi kwamba hesabu imelipika. Haijalipika. Carolina walilipa mali ya miaka mitatu na bado wakalazimika kuinunua upya nyumba waliyoibomoa, safari hii kwa fedha taslimu. Ila kijana hakuwa galasa kama mlivyoambiwa 2023, na nakuomba usimruhusu mtu amwite hivyo mbele yako.

Mechi ijayo, mdogo wangu, fanya jambo moja. Kwa robo nzima ya kwanza usiufuate mpira. Kila jaribio la tatu kati ya manne ya kusogeza mpira, panapohitajika yadi nyingi, tazama watu watatu wa katikati, senta na wale wawili wa pembeni yake, na uhesabu moja, mbili, tatu tangu mpira unapopokelewa. Ukifika tatu na hao watatu bado wamesimama pale walipoanzia, inua macho uitazame kofia ya Young. Niandikie ulichokiona.